Mashine Mbili za Mhazili

Makamu mkuu wa shule alishuka ngazi mbio, vidole viwili masikioni, huku akiimba kwa nguvu asisikie lolote. Nyuma yake mhazili, daftari kwapani, alimwita kwa adabu zote. Mhazili alipofika ngazi ya mwisho, makamu alikuwa ameshavuka uwanja.

Hakuwa ameiba kitu. Alikuwa akilinda haki.

Shule ilikuwa na kompyuta kumi zenye mfumo mkubwa, ule unaojulikana na kila mtu, na leseni zake zilikuwa zinaisha mwisho wa muhula. Fungu la shule lilitosha jambo moja tu: kununua leseni mpya, au kununua kompyuta kumi nyingine na kuziwekea zote ishirini mfumo huria, ambao ni wa bure. Mwalimu wa kompyuta, ambaye wanafunzi walimpa jina la Huria, alizitaka hizo kumi kuliko alivyotaka likizo. Darasani kwake watoto wanne walikaa mbele ya kompyuta moja. Mmoja alishika kipanya, wa pili alichapa, wa tatu alisoma kwa sauti, na wa nne alipumua.

Makamu, ambaye wanafunzi walimwita Kanuni, alishikilia kwamba bila mfumo mkubwa ofisi haiwezi kuandika hata barua ya rambirambi. Kwa bahati mbaya Huria alikuwa amemwoa dada yake Kanuni, hivyo ugomvi wao ulijaa heshima.

"Shemeji, dunia imebadilika," alisema Huria.

"Dunia ndiyo, shemeji. Ofisi bado."

Mkuu wa shule, mama mpole aliyechoshwa na mashemeji, aliamuru yafanyike majaribio. Kompyuta ya zamani ya mhazili ilipelekwa stoo, asiwe na pa kukimbilia. Mezani kwake zikawekwa mbili zinazofanana kama mapacha, moja ikiwa na mfumo mkubwa, nyingine mfumo huria. Kila shemeji aliitayarisha yake akiwa amejifungia chumbani, mwenzake asije akaitia mkono. Mhazili angefanya kazi zote za ofisi kwa mwezi mmoja, kisha aeleze tofauti aliyoiona.

Masharti yaliandikwa na Kanuni, yakaongezwa na Huria, yakafika kurasa tatu. Mhazili asiambiwe ipi ni ya nani. Mashemeji wasikanyage ofisini kwake, wala wasizungumze naye habari za mashine, kwa neno, kwa ishara au kwa kukohoa. Mhazili naye asimpelekee mkuu malalamiko kabla ya siku ya hukumu. Huyu alikuwa mwanamke aliyewahi kumrudisha mkaguzi getini kwa sababu barua yake haikuwa na muhuri. Alizisoma kurasa zote tatu, akatia saini kila moja.

Siku ya kwanza alimfuata Kanuni, na ngazi zikashuhudia yaliyotokea. Siku ya pili alimvizia Huria maktaba. Huria alitorokea dirishani, akaacha kiatu kimoja. Siku ya tatu hakumfuata mtu.

Siku ya nne kazi zikaanza kumiminika. Barua za wazazi, ratiba ya mitihani, orodha ya vitanda vya bweni, onyo kali kwa waliopaka sabuni kwenye mlango wa bwalo. Kila karatasi ilitoka safi kwenye printa ya ofisini kwa mkuu. Kanuni alizitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika: mistari iliyonyooka namna hii ni ya mfumo mkubwa, hakuna ubishi. Huria alizitazama karatasi zilezile, akaona uhuru umeandikwa kila pembe.

Wiki ya tatu mhazili alionekana amefunga plasta kwenye kidole gumba. Kila shemeji, kwa wakati wake, alimnong'oneza mkuu kwamba kibodi ya yule mwingine ni hatari kwa afya.

Siku ya hukumu mashemeji walikaa mbele ya mkuu wamevaa tai, nyuso za msiba. Mkuu akaisoma fomu ya mhazili kwa sauti. Kelele: hakuna, mashine zote mbili. Kukwama katikati ya kazi: hakujatokea, zote mbili. Virusi: havijaonekana, zote mbili.

"Kwa hiyo, dada, hukuona tofauti yoyote?" mkuu aliuliza.

"Hata chembe, mkuu."

"Na kazi za mwezi mzima zimekamilika?"

"Sabini na tatu. Hakuna iliyochelewa."

Mkuu alisema basi mambo yamekuwa mepesi. Kama mtu anayeandika kuliko wote shuleni haoni tofauti, hakuna haja ya kununua leseni, na mwalimu atapata kompyuta zake kumi. Kanuni aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya makaburini kwamba vizazi vijavyo vitauliza. Huria hakumsikia. Alikuwa akimfikiria yule mtoto wa nne, akishika kipanya kwa mara ya kwanza.

Mkuu akafungua kalamu atie saini.

Mhazili aliinua mkono. Aliuliza kama hukumu imeshatolewa rasmi, asije akavunja sharti. Akaambiwa imetolewa, azungumze bila wasiwasi.

"Ni lile neno la siri, mkuu. Kila mashine inadai lake, na hawa walimu kila nikiwafuata wanipe, wanakimbia. Sijaweza kuifungua hata moja. Kazi zote nimefanya kwa simu yangu."

Mkuu aliirudishia kalamu kifuniko, akasogeza kiti karibu na mhazili.

"Simu ya aina gani?"