Pindo la Joho

Mkono wa kulia ulikuwa juu, na meya alikuwa katikati ya kiapo cha ubunge. Sheria hairuhusu vyeo viwili. Akitamka neno la mwisho tu, umeya umemtoka, na naibu wake anakaimu.

Naibu mwenyewe ni shemeji yake, mdogo wa mumewe.

"Nenda ukaape, shemeji," alimwambia jana sokoni, mbele ya akina mama wa mboga. "Joho lako sitaligusa mpaka madiwani wachague meya mwingine. Na soko hili halivunjwi."

Sasa shemeji alikuwa ameketi safu ya kwanza ya wageni, koti refu limefungwa vifungo mpaka kooni, na jasho linamchuruzika.

Chini ya koti lilichungulia pindo jekundu. Lilikuwa na alama ya pasi, ambayo meya aliiunguza kwa mkono wake mwenyewe alipokuwa akilipiga pasi joho lake la umeya.

Meya akakatiza kiapo.

"Malizia, Mheshimiwa," katibu wa Bunge akanong'ona. "Limebaki neno moja."

"Nitamalizia," akasema, mkono ungali juu. "Kwanza mwombe shemeji yangu avue koti."