Bi Mdogo wa Toleo la Nje

Daktari wa meno alikuwa amelala chali chini ya gari lake mwenyewe, suti na tai vyote mwilini, akiapa kwamba gari lile si la maana.

"Hii redieta unayoisifia," alisema kutoka uvunguni, "ni ya trekta. Niliitoa kwa wauza vyuma chakavu."

"Ni redieta nene ya toleo la nje," mkewe akajibu. "Kiwanda kiliwawekea wateja wa nchi za joto peke yao. Haya nimeyasikia tangu fungate, Baba Pacha. Nakusomea tu ulichonifundisha."

Ndugu wa pande zote mbili, waliosimama uani, wakatazamana. Ndoa ilikuwa imeshavunjika bila makelele, na siku hiyo walikuja kugawanya mali. Kikao kiliongozwa na shangazi wa mume, muuguzi mkuu mstaafu ambaye enzi zake wodini hata madaktari walimpisha njia. Neno lake lilikuwa fupi: kitu cha anasa kiuzwe, kila mmoja achukue nusu yake. Nyumba ilikuwa ya kupanga, kwa hiyo haikuleta mzozo. Makochi, friji, jiko na vyombo vya nyumbani, daktari alimwachia mama watoto vyote kwa roho nyeupe.

Yeye roho yake ilikuwa gereji. Humo ndimo lilimokuwa limelala gari la michezo la Kiingereza, kijani kibichi, viti viwili, boneti ndefu. Alilibatiza Bi Mdogo, utani ambao mkewe hakuucheka hata siku moja. Kuliuza kwake ilikuwa sawa na kuambiwa akatwe mguu.

Kwa mtu wa kawaida lilikuwa gari kuukuu kama mengine. Lakini kiwanda kiliwahi kuunda machache kwa ajili ya kuuzwa nchi za mbali, nayo yalikuwa na alama zake, na Bi Mdogo alikuwa nazo zote. Daktari ndiye aliyewafundisha wenzake wa klabu ya magari ya kale namna ya kuzitambua. Harusini alizieleza, misibani alizieleza, na wagonjwa walizisikiliza vinywa wazi, maana hawakuwa na la kufanya. Leo, ili gari lisihesabiwe anasa likauzwa, ilimbidi azikane moja baada ya nyingine.

"Spidomita inasoma kilomita," mke akasema. "Wao kwao wanahesabu maili."

"Nilibadilisha mwenyewe."

"Taa za nyuma ni nyekundu tupu, hazina kipande cha njano."

"Rangi ya kucha. Tena ya kwako."

"Na ile herufi ya ziada kwenye kibao cha namba ya chesisi?"

 Herufi ile ndiyo iliyomtoa daktari machozi siku aliponunua gari, akawapigia simu watu wote aliowajua, na wengine asiowajua vizuri. Alitoka uvunguni taratibu, akajipangusa suti.

"Makosa ya kiwandani," akasema. "Waingereza nao husinzia kazini."

Ilimuuma kama kumkana mwanawe mbele ya watu.

Shangazi aliwatazama wote wawili. "Mimi gari nalijua kwa honi tu. Hakuna mwenye utaalamu hapa ambaye hakuoana na mmoja wenu?"

Daktari alikuwa ameshajipanga. Alikuja na mwenyekiti wa klabu, rafiki yake wa kufa na kuzikana, na la kusema walikuwa wamekwisha kuafikiana. Mwenyekiti alivaa miwani, akalizunguka gari, akafungua boneti. Alipofika kwenye kibao cha chesisi aliinama kwa muda mrefu, akakipangusa kwa leso yake safi. Daktari aliona rafiki yake anazidisha maigizo, ila alimshukuru kimoyomoyo.

"La kawaida kabisa," mwenyekiti akasema. "Haya yamejaa tele."

"Una hakika?" mke akauliza kwa sauti ya mtu aliyeshindwa.

"Hakika kabisa, shemeji. Ningekuwa na shaka ningesema."

"Na wewe mwanangu," Shangazi akamgeukia daktari, "unakubaliana naye? Sema mbele ya wote, nisije nikaitwa tena kwa shauri hili."

"Nakubali, Shangazi. Ni gari la kawaida la matumizi." Akaona aongeze kidogo, ushindi usije ukamponyoka. "Hata gunia la pumba lingebeba bila shida."

Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Basi tumemaliza. Kama si anasa, ni chombo cha nyumbani sawa na friji, na vya nyumbani umeshamwachia mwenzio. Isitoshe, yeye ndiye mwenye duka la chakula cha kuku, magunia anayo. Mpe ufunguo."

Daktari wa meno alipanua kinywa kuliko mgonjwa wake yeyote. Kila neno lililomjia lilikuwa linamfanya mwongo mbele ya ukoo mzima na wakwe juu yake. Alimtupia jicho rafiki yake amwokoe, lakini rafiki yake alikuwa anafuta miwani. Mwishowe mkono wenyewe ukaingia mfukoni.

Mke akapokea ufunguo kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Ile trela umekuja nayo, shemeji?"

"Iko hapo kona tangu asubuhi," mwenyekiti akajibu. "Na blanketi nimebeba, asije akachubuka Bi Mdogo."