Keki Juu ya Mashine

Nawe uliiona karakana ya chuo cha ufundi ikigeuzwa ukumbi wa harusi, ukatazama pembeni. Usikatae, pilau ulikula.

Sasa shafti, mhimili unaozungusha pampu ya maji ya mji, imekatika, siku ya tisa hii, na wodi ya wazazi haina tone la maji. Ndipo wakamkumbuka Bi. Siwatu, mkereza vyuma wa mwisho aliyebaki. Aliikuta mashine yake ya kukerezea imevikwa lesi, keki imewekwa juu.

"Bibi, taratibu na kitambaa, ni cha kukodi," alisema Lukindo, msimamizi wa ukumbi.

"Nawe taratibu na mashine, baba. Ilikuwapo kabla mama yako hajavunja ungo."

Watu wakaangua kicheko. Bi. Siwatu akaondoa keki na lesi, akafunga kipande cha chuma cha kukereza shafti mpya. Chuma kilipoanza kutoa nyuzi, harufu ya mafuta ya moto ilimrudisha enzi zile, mashine kumi na mbili zikinguruma pamoja, na mwalimu akiirudisha kazi kwa kosa la unene wa unywele.

Shafti ilipokaribia kuisha, akazima mashine. Macho yake hayaoni tena alama za kipimo, na akikata kupita kiasi, chuma kingine hakuna. Akapima kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene, akawanyooshea vijana waliojaa mlangoni, wote wana vyeti vya ufundi.

"Nisomeeni, wanangu. Inasema ngapi?"

Kila mmoja akamsukuma mwenzake mbele. Mkono wa bibi bado umenyooka. Wewe uliyejificha nyuma, njoo uipokee. Kama hujui kuisoma, mwambie akufundishe, sasa hivi, kabla mkono haujashuka.