Baka Jeupe

Yai la kwanza lilipopasuka, Mzee Shekiondo aliona baka jeupe shingoni mwa kitoto cha chatu. Baka lile alikuwa nalo dume wake wa zamani, aliyekufa miaka mitatu iliyopita.

"Jike huweza kuhifadhi mbegu za dume miaka kadhaa, mzee," alisema Bi Rukia, daktari wa mifugo. "Hakuna aliyefungua kizimba."

 Miezi miwili nyuma, Shekiondo alipokuta mayai kwa jike aliyemtenga peke yake, alimsuta Mbelwa, mtunzaji wa nyoka wake kwa miaka kumi na mmoja, mbele za watu, kwamba amemwingizia dume wa jirani. Mbelwa aliapa mara moja tu kwamba hakufanya hivyo. Kisha akauosha ufunguo wa kizimba kwa sabuni, kama alivyouosha kila asubuhi ili asimpelekee jike harufu ya nyoka mwingine, akautundika msumarini, akaenda zake.

"Si umwite Mbelwa arudi?" aliuliza Bi Rukia.

"Alihama. Hakumwambia mtu aendako."

Kitoto kilitoka gandani, kikajiviringa kifundoni mwa mkono wa Shekiondo. Aliunyoosha mkono ule kuelekea msumarini, ukaishia njiani, karibu kabisa na ufunguo, usije ukaupaka harufu ya nyoka mwingine.