Chupa ya Maji ya Chokaa

Siku hizi kila sebule ina chupa ya maji ya chokaa, na hewa ya nyumba nzima hupitishwa humo kwa mrija. Mkiwa idadi mliyoandikisha, maji hubaki maangavu wiki nzima. Yakigeuka meupe kama maziwa, basi kuna mtu wa ziada, naye huondolewa mjini.

Kwetu tumeandikishwa wawili, mimi na mama. Jumatatu maji yalikuwa meupe.

"Ni mdomo wako, Mwanaidi," mama alisema. "Unaongea kama redio ya kinyozi."

Ijumaa, mkaguzi alipokuja, yalikuwa maangavu tena. Akatusifu kwa mapafu yenye adabu, akaenda zake.

Nadhani vipindi vya kemia alikuwa mtoro. Maji ya chokaa ukiyapulizia huwa meupe, lakini ukizidi kuyapulizia, ule weupe huyeyuka na maji huwa safi kama mwanzo.

Nilimfuata mama jikoni. "Mama, kemia inasema hatuko wawili."

"Kemia nayo mmbeya kama wewe." Akapakua ugali kwenye sahani ya tatu. "Ni binamu yako Mashavu. Yuko darini tangu Jumapili. Umeridhika?"

Sikuridhika. "Mtu mmoja angeyafanya meupe tu, mama. Kuyasafisha tena kwa siku nne kunataka watu kama saba."

"Mimi nimemficha mmoja."

Akabaki ameshika sahani. Tukatazama dari, tukijaribu kusikia ni nani mwingine anayepumua.