Machungwa Yenye Vidole

"Tawi lako tunalikata leo, wakwe wanakuja kesho!" mama alinifokea.

"Kata! Halafu wakikuuliza una watoto wangapi?"

"Mmoja! Dada yako anaolewa, huoni?"

Siku hizi posa haipiti mpaka wakwe waukague mchungwa wa nyumba, ule uliotiwa damu ya watoto wa nyumba hiyo, kila mtoto na tawi lake. Machungwa ya dada Mwanamkasi ni duara, yanang'aa. Yangu yameota vidole na vinyweleo, yananuka kikwapa. Juzi nilichuma moja, likanishika dole gumba. Nikatapika.

"Hata mwenyewe yanakutia kinyaa," mama akasema, panga mkononi. "Kesho usionekane hapa."

Nikamtazama dada. Alikuwa anamenya chungwa lake.

Nikavaa viatu, nikatoka, nikafunga mlango.