Farasi Wawili wa Mzee Maduhu

Mzee Maduhu alichovya kidole kwenye tangi la kioo, akaonja, akatema nje ya mlango.

"Chumvi imekolea," alitangaza. Kisha akahakikisha kwa kipimo.

Mwanawe Shija aliinamisha kichwa kama mtu aliye msibani. Alikuwa anabana kicheko.

Likizo ilipoanza alimweleza baba yake, kwa uso wa kanisani, kwamba shule yao ya bweni inataka kila anayesoma baiolojia afuge farasi wa baharini, wale samaki wenye kichwa kama cha farasi, nyumbani. Asiye nao, hana cheti. Shule haikusema hivyo. Shija alitaka simu, na alitegemea kwamba mkulima wa pamba wa Zagayu, asiyewahi kuiona bahari, angechoka na kumpa pesa akawatafute mwenyewe.

Mzee hakuchoka. "Tuwafuge vizuri, ng'wanawane, mwanangu. Kiumbe hakiteswi kwa ajili ya cheti chako."

Basi Shija akawa anasoma masharti kwenye simu ya mama yake, moja baada ya jingine. Tangi liwe refu. Mzee akalileta kutoka Bariadi, limefungwa ndani ya godoro. Maji yazungushwe mwezi mzima kabla hawajaingia. Yakazungushwa, kwa pampu na betri ya sola. Wawe wawili, tena waliozaliwa kwenye tangi, wasivuliwe baharini. Mzee akapiga simu mpaka akampata mfugaji Dar es Salaam.

Maji yenyewe aliyachota Nyanjige, mdogo wake Shija, ambaye naye alikuwa anasubiri kuanza bweni. Aliyabeba kichwani kutoka kisimani, akiimba.

Shija akatoa sharti la mwisho.

"Baba, hawa wanalishwa asubuhi na jioni, na mkono mmoja waliouzoea. Mimi nitakuwa shule, wewe shambani. Watakufa bure. Si unipe tu hizo pesa niwafugie kule kule?"

Mzee akafuta kioo cha tangi kwa kiganja.

"Hilo niachie mimi."

Wiki ya kufungua shule, boksi lilifika kwa basi. Ndani ya mfuko wa maji kulikuwa na farasi wawili, wadogo kama vidole, wameshikana mikia.

Shija alikimbilia zizini. Katika nyumba yao kila mtoto alikuwa na ng'ombe wake wa kuuzwa alipe ada ya shule: mwekundu wa Shija, mweupe wa Nyanjige. Mwekundu alikuwepo, anacheua. Shija hakuangalia kama mweupe yupo. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye samadi.

Aliporudi ndani, Nyanjige alikuwa amesimama mbele ya tangi katika sketi yake mpya ya shule, anawadondoshea uduvi mmoja mmoja. Haimbi.

"Polepole, mama, wauzoee mkono wako," baba yao alimwambia. "Na hiyo sketi ivue, isilowe. Jenifer wa jirani ataihitaji Jumatatu akienda bweni."